Mkupuo, UTT, fiksi na SACCOS: mwalimu anastaafu, aanze kula hela ipi?

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilemela, natimiza miaka 60 mwezi wa tano mwakani, nimefundisha miaka 34. Nyumba ninayo Buswelu, uani nina vyumba viwili nimepangisha elfu 50 kila kimoja. UTT Umoja nina kama milioni 14, fiksi benki milioni 8 inaiva mwezi wa tisa huohuo mwakani, SACCOS nina akiba milioni 4 na hisa laki 6 ila nadaiwa milioni 6 na nusu. Matumizi ya nyumbani ni kama laki 8 kwa mwezi. Rafiki yangu ananiambia nianze kuuza UTT maana ndo ndogo, mkupuo nisiuguse niufunge wote kwenye hatifungani ya miaka 25. Mwingine anasema mkupuo ndo wa kula kwanza, hizo zingine ziachwe zikue. Kijana wangu naye anataka tununue mtumbwi na mashine tuingie kwenye dagaa. Nimechanganyikiwa, nianze kula wapi? Na mbona wenzangu waliostaafu zamani walipata mkupuo mkubwa kuliko huu ninaoambiwa?"

Shikamoo mwalimu. Kwanza hongera, miaka 34 ya chaki sio mchezo, na hongera ya pili ni kwamba unauliza kabla hela haijaingia, wengi wananitafuta mkupuo, yani ile hela ya mafao inayotolewa mara moja ukistaafu, ukiwa umeshakatika nusu.

Nianze na hilo la mwisho maana naona linakuuma na likikuuma litakufanya uamue vibaya. Wenzako hawakudanganyi. Nyinyi mliokuwa mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF kabla ya mifuko kuunganishwa 2018 na kuzaliwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kikokotoo chenu, yani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kilikuwa unachukua miezi ya michango mara mshahara wa mwaka, unagawa kwa 540, unazidisha kwa 15.5, halafu unapewa nusu kwa mkupuo. Sasa hivi unagawa kwa 580, unazidisha kwa 12.5, na mkupuo ni asilimia 40, baada ya serikali kuupandisha kutoka 33 kwenye bajeti ya 2024/25. Mshahara wako hukuutaja kwahiyo nachukulia wastani wa miaka yako mitatu mizuri ni 1,200,000 kwa mwezi, yani milioni 14.4 kwa mwaka. Miezi yako 408 gawa kwa 580 zidisha kwa hiyo milioni 14.4 unapata kama milioni 10.13, hiyo ndo pensheni yako nzima ya mwaka. Asilimia 40 yake mara 12.5 ni kama milioni 50.6, ndo mkupuo. Asilimia 60 iliyobaki gawa kwa 12, unapata kama 506,000 kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako. Kwa hesabu ya zamani mtu mwenye mshahara kama wako angepata mkupuo wa kama milioni 84 na pensheni ya kama 453,000. Kwahiyo mkupuo wako umepungua kwa zaidi ya milioni 33 na pensheni imeongezeka elfu 53 tu, na sitakuambia kwamba hiyo inafidia hiyo, kwa elfu 53 kwa mwezi ungehitaji zaidi ya miaka 50 kurudisha hiyo tofauti. Una haki ya kuumia. Ila ndo sheria iliyopo, na ukianza kustaafu na wazo kwamba "wamenila milioni 33 lazima nizirudishe haraka" hapo ndo watu wanapoingia kwenye biashara wasiyoijua.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Rafiki zako wote wawili wanakosea kitu kimoja, wanaangalia mfuko upi mkubwa na upi mdogo. Swali la kwanza sio hilo, swali la kwanza ni kila mwezi unapungukiwa shilingi ngapi. Unatumia laki 8. Pensheni 506,000, kodi ya vyumba laki moja, jumla 606,000. Unapungukiwa kama 194,000, tuite laki 2. Yani tatizo lako lote la kila mwezi ni laki 2, milioni 2.4 kwa mwaka. Naomba usome tena hapo mwalimu, maana watu wakishika milioni 50 wanahisi wana tatizo la milioni 50.

Na hapa kuna kitu watu hawakipigii hesabu. Ukiwa unachota laki 2 tu kwa mwezi kutoka kwenye mkupuo wa milioni 50, hata bila riba yoyote, inachukua zaidi ya miaka 20 kuisha. Sasa mbona tunaona watu wamestaafu juzi na baada ya miaka mitatu hawana kitu? Sio ugali na dagaa wa nyumbani vilivyoimaliza. Ni vile vitu vya mara moja, harusi ya mtoto, gari la "kusaidia usafiri", kumdhamini ndugu, kiwanja cha haraka kwa dalali, mtumbwi. Kwahiyo kazi ya kupanga mifuko ni mbili, kuhakikisha hiyo laki 2 inatoka kila mwezi bila wewe kufikiria, na kuhakikisha ile hela kubwa haiko mahali ambapo mtu akija analia unaweza kumtolea kesho yake asubuhi.

Namna ya kuchagua mfuko wa kugusa kwanza ni kujiuliza, nikiufungua huu leo napoteza nini? Fiksi, ile hela uliyoifungia benki kwa muda maalumu, ukiivunja kabla haijaiva unapoteza riba yote au sehemu kubwa, inategemea mkataba wako na benki. Umoja ni mfuko wa UTT wa kuwekeza kwa pamoja, tena mchanganyiko, ndani yake kuna hisa za makampuni na kuna hatifungani, yani hela unayoikopesha serikali au kampuni kwa riba, kwahiyo thamani ya kipande, ile sehemu unayonunua ndani ya mfuko, inapanda lakini kuna vipindi inasimama au inashuka kidogo, ukilazimika kuuza kipindi hicho unauza vipande vingi kupata hela ileile na hivyo vipande havirudi. Hatifungani ukitaka kuitoa kabla ya muda unaiuza soko la hisa kwa bei ya siku hiyo. Pensheni huifungui wala huifungi, inakuja yenyewe. Mkupuo siku unaingia ndo hela pekee ambayo haijakaa mahali popote, ukiitumia haupotezi riba wala bei yoyote, kwahiyo huyo rafiki wa pili hajakosea kusema uanze nao, amekosea kudhani unaweza kuuacha umelala kwenye akaunti ya kadi ukawa unachomoa.

Deni la SACCOS kwanza. Hapa sina mjadala. Ukitoka kwenye orodha ya mishahara yale makato ya kila mwezi yanakatika, SACCOS wataanza kukutafuta, na wakikukosa wanawakata wadhamini wako, ambao ni walimu wenzako bado wanafundisha hapo hapo Ilemela. Na riba ya mkopo wa SACCOS mara nyingi ni kubwa kuliko ile utakayoipata kwa kuweka hela sehemu salama, kwahiyo kuacha deni liendelee huku umeweka hatifungani ni kujikata mwenyewe. Akiba yako milioni 4 pale kazi yake kubwa ilikuwa ni dhamana ya mkopo, na kwa kawaida huitoi mpaka ujitoe uanachama. Mimi ningejitoa, wakate akiba kwenye deni, unamalizia milioni 2 na nusu kutoka kwenye mkupuo. Hisa zile laki 6 ni kitu kingine, hisa huwa hazitolewi kama akiba, unamuuzia au unamhamishia mwanachama mwingine, waulize utaratibu wao mapema. Kama SACCOS yenu inaruhusu wastaafu wabaki na inatoa gawio zuri kila mwaka unaweza kubaki na hisa tu, sio dhambi, ila mkopo mwingine usichukue.

Baada ya hapo una kama milioni 48. Sasa rafiki yako wa kwanza na hatifungani yake ya miaka 25. Hatifungani za serikali ni kitu kizuri sana kwa mstaafu na nasikitika walimu wengi wanazisikia wakiwa wameshastaafu. Unaanzia milioni moja, unanunua kwenye mnada wa Benki Kuu kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa mwenye leseni, na ukiwa mnunuzi mdogo huna haja ya kushindana bei, unapewa kwa bei ya wastani. Lakini kuna mambo mawili watu wanayakosea. La kwanza, wanadhani riba inaingia kila mwezi. Hapana, kuponi, ndo hiyo riba ya hatifungani, inalipwa kila baada ya miezi sita. La pili, kuna wanaosema hela imefungwa miaka 25 huwezi kuigusa, na kuna wanaosema unaweza kuitoa muda wowote, wote wanasema nusu. Unaweza kuiuza, ila riba za soko zikiwa zimepanda tangu ulipoinunua, bei ya yako inashuka, maana nani anunue ya kwako yenye riba ndogo kwa bei ileile wakati mpya ipo? Na kinyume chake riba zikishuka yako inapanda bei. Kwahiyo ukifunga milioni 50 zote halafu mwezi wa nne ukahitaji hela ya operesheni hospitali ya Bugando, unauza kwa bei yoyote utakayoikuta.

Kwahiyo sio zote. Mimi ningeweka milioni 25, tena ningezigawa, nyingine miaka 10 nyingine miaka 20, ili kuna mtaji unarudi ukiwa na miaka 70 na mwingine ukiwa na 80. Nichukue riba ya asilimia 12 kwa ajili ya hesabu tu, ya kweli utaiona kwenye tangazo la mnada wa siku hiyo na inabadilika. Milioni 25 kwa asilimia 12 ni milioni 3 kwa mwaka, yani milioni moja na nusu kila miezi sita. Pengo lako ni milioni 2.4 kwa mwaka. Umeona? Kuponi peke yake inaziba pengo lote na mtaji haujaguswa. Riba ikiwa ndogo, hata asilimia 10, ni milioni 2.5, bado inaziba.

Ila wewe unakula kila mwezi na kuponi inakuja mara mbili kwa mwaka, ndo maana unahitaji sehemu ya kupokelea. Hapo namaanisha Mfuko wa Ukwasi wa UTT. Una akaunti ya Umoja tayari, kuongeza Ukwasi ni fomu tu au simu. Huo hauna ada ya kuingia wala kutoka, ukiomba hela inakuja ndani ya siku chache za kazi, na unaendelea kupata faida wakati imekaa. Weka milioni 5 kutoka kwenye mkupuo, kuponi zikiingia zipeleke huko huko, wewe kila mwezi unatoa laki 2 na sio zaidi. Hizo milioni 5 za mwanzo ni za kukuvusha mpaka kuponi ya kwanza, na pia ni za kukulinda kama pensheni ya mwezi wa kwanza itachelewa, maana mafao hayaingii siku ileile unapokata keki ya kustaafu, weka chakula cha miezi mitatu pembeni kabla. Kama hutaki kabisa kuhangaika na minada upo Mfuko wa Hatifungani wa UTT ambao una mpango wa kukulipa kila mwezi ukiweka kuanzia milioni 10, faida yake inabadilikabadilika tofauti na kuponi ambayo umeifunga, lakini usumbufu mdogo na kutoka ni rahisi zaidi. Kwa mtu ambaye hapendi makaratasi mimi naona ni sawa kabisa.

Fiksi ya milioni 8 iache iive mwezi wa tisa. Usiivunje mwezi wa tano kwa sababu ya miezi minne. Ikiiva hiyo ndo iwe hela ya dharura, ugonjwa, msiba, paa likiezuliwa na upepo wa ziwa, iwe fiksi ya miezi mitatu mitatu au iende Ukwasi, na kumbuka riba ya fiksi inakatwa kodi ya zuio asilimia 10 kwahiyo ile riba waliyokuandikia sio yote inayokufikia. Suala la afya, bima yako ya NHIF hakikisha unabadilishiwa kuwa ya mstaafu, inakuhusu wewe na mwenza wako, wajukuu unaoishi nao hawamo, wao wapangie kwa wazazi wao.

Na Umoja, zile milioni 14 ambazo rafiki yako anasema ndo ndogo uzile kwanza? Hizo ndo za mwisho. Sababu yake ni hii. Pensheni haipandi yenyewe kila mwaka kufuata bei ya sokoni, inapandishwa pale serikali na mfuko wakiamua baada ya tathmini. Kuponi ya hatifungani nayo haipandi, ile milioni moja na nusu itakuwa milioni moja na nusu mpaka siku ya mwisho. Lakini bei zinapanda. Hata mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 tu kama ilivyokuwa miaka hii ya karibuni, matumizi yako ya laki 8 leo ni kama milioni moja na elfu 75 ukiwa na miaka 70. Pengo la laki 2 linakuwa kama laki 4 na elfu 70 hivi. Unahitaji mfuko mmoja ambao umekaa miaka kumi unakua bila kuguswa, na Umoja kwa ule mchanganyiko wake wa hisa ndo wenye nafasi nzuri ya kukua kuliko hizo zingine zote, na muda mrefu ndo unaoufanya uvumilie miaka mibaya. Ukiula sasa hivi utakuwa umechinja mbuzi jike mwenye mimba ukaacha beberu zizini. Ukifika 70 ndo uanze kuuza vipande kidogo kidogo, na mwaka ambao bei imeshuka usiuze, mwaka huo kula kwenye Ukwasi.

Sasa kijana na mtumbwi. Naandika hili kwa upendo maana najua ni mtoto wako na anatafuta maisha. Dagaa ni biashara halali na kuna watu Igombe na Kayenze wamejenga nyumba kwa dagaa. Ila wale wanaofanikiwa wanalala mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inakaa nchi kavu, kwahiyo kila mwezi kuna siku nyingi tu hakuna kipato wakati wavuvi wanakula na mashine inadai matengenezo. Mvua zikianza ukianika hawakauki, dagaa wanaoza au wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Nyavu zinaibiwa, mashine zinaibiwa. Na mwenye mtumbwi ambaye hayupo mwaloni alfajiri anaambiwa "jana hatukupata kitu" na hana namna ya kujua. Wewe una miaka 60, utalala Kayenze? Kama unataka kumsaidia kijana, amua kiasi ambacho kisiporudi kabisa huna ugomvi naye, mimi ningeweka kikomo milioni 4, mpe aanze na kununua na kuuza dagaa wakavu aonyeshe mahesabu ya mwaka mzima, giza na mbalamwezi, masika na kiangazi. Hati ya nyumba ya Buswelu isitoke kabatini kwa jambo hilo wala jingine lolote.

Tukijumlisha, milioni 2.5 deni, 5 Ukwasi, 25 hatifungani, 4 kijana, inabaki kama milioni 14 za mkupuo. Hizo nakuomba usiziamulie chochote miezi sita ya kwanza, zikae Ukwasi pia. Baada ya hapo kama kiwanja chako kina nafasi, vyumba viwili vingine vya kupangisha ni wazo la maana, vikitoa laki moja kwa mwezi kwa mtaji wa kama milioni 13 ni asilimia 9 hivi kwa mwaka, chini ya hatifungani, na kuna miezi havina mtu, lakini kodi unaweza kuipandisha bei zikipanda, kuponi huwezi. Kama nafasi haipo basi ongeza hatifungani kidogo na nyingine Umoja.

Yapo ambayo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Nenda ofisi ya PSSSF Mwanza sasa hivi, usisubiri mwezi wa tano, omba taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi tangu ulipoajiriwa. Walimu waliohama halmashauri au waliokuwa mfuko mwingine kabla ya 2018 wengine wanakuta miezi inakosekana, na kila mwezi unaokosekana ni hela kwenye mkupuo na kwenye pensheni. Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja, jina na tarehe ya kuzaliwa vifanane na kitambulisho cha NIDA, kosa la herufi moja linaweza kukuzungusha. Hakuna ada ya kuharakisha mafao, akikupigia mtu anajua jina lako na shule yako anataka "ya kufungulia faili" kata simu, na namba ya siri usimpe mtu. Mikopo ya wastaafu inayokatwa kwenye pensheni ya mwezi usiisogelee kabla hujaongea na mtu asiyeiuza, na hawa wakopeshaji wa kausha damu ndo kabisa.

Kabla hujasaini hatifungani kaa na dalali mwenye leseni au afisa wa benki mwenye kuzijua, mwambie akuandikie kuponi kwa shilingi, tarehe za kulipwa, na ungepata ngapi ukiiuza mwakani. Akishindwa kujibu hilo la tatu nenda kwa mwingine. Na kama ndoa ina mgogoro, au kuna mtoto nje, au kiwanja cha Buswelu kina jina la marehemu, hapo unahitaji wakili kabla ya mshauri wa fedha, maana hatifungani na vipande vya UTT ukiondoka vinaingia kwenye mirathi kama mali nyingine, wosia andika ukiwa mzima.

Mshahara wako halisi ukiwa tofauti na huo niliouchukulia, nitumie wastani wa miaka mitatu bora na nakala ya hiyo taarifa ya michango, nikurudishie hesabu na namba zako.